Stockholm kwa Ratiba Yake: Majibu ya Barua za Wasomaji

Mwezi huu barua sita zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu wa kipato cha kawaida atakula wapi, atalala wapi na atanunua nini akifika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi? Nimeishi katika jiji hilo miaka kumi na moja, na kabla sijataja mtaa wowote ningependa wasomaji wajue kwamba bei za Stockholm hufuata saa na siku. Sahani ya chakula ambayo adhuhuri mtu wa kawaida anaimudu, jioni hupanda bei katika ukumbi uleule, na chumba cha hoteli cha Jumamosi huenda kikawa nafuu kuliko cha Jumanne. Kwa hiyo majibu yangu mengi yanahusu lini, pamoja na wapi.

*Shikamoo, Mhariri. Mimi ni muuguzi hapa Tanga, na mwezi wa kumi nitakwenda Stockholm kwa mafunzo ya wiki mbili. Malazi nimelipiwa, lakini chakula nitajigharimia kutoka katika posho. Wenzangu waliotangulia wanasema walishindia mkate na ndizi kwa sababu mikahawa ya kule haigusiki kwa bei. Je, hakuna njia nyingine? — Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Ninavyofikiri, wenzako waliumia kwa sababu walingoja jioni ndipo waende kutafuta mlo, kama tulivyozoea nyumbani baada ya kazi. Waswidi wanaofanya kazi mjini hula chakula chao cha moto mchana, na mikahawa mingi, hata ile ambayo usiku huwa ya gharama, huandaa mlo wa mchana wa bei moja kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Tafuta ubao mlangoni wenye maneno «dagens lunch» au «dagens rätt», yaani chakula cha leo. Bei yake kwa kawaida ni kati ya krona 120 na 160, krona ikiwa ndiyo fedha ya Uswidi, na ndani ya bei hiyo mna mambo ambayo mgeni huyaacha kwa kutojua: saladi unayojipakulia mwenyewe, mkate na siagi, maji au kinywaji kingine, na kahawa baada ya kula.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unachukua sinia, unalipa kwanza, unapewa sahani yako ya samaki na viazi au nyama na mchuzi, kisha unakwenda kwenye meza ya saladi, ambako kabichi iliyokatwa nyembamba na kutiwa siki haikosekani, na pembeni yake umepangwa mkate mkavu mwembamba, «knäckebröd», unaovunjika kama biskuti. Ukimaliza unarudisha sinia lako kwenye rafu, halafu ndipo unapokunywa kahawa. Hakuna atakayekuja kukuambia kwamba kahawa ni yako. Birika limekaa pale, na aliyelipia mlo anajimiminia. Mtu akila hivyo saa sita mchana, jioni supu na mkate vinamtosha kabisa, na posho haiguswi mara mbili kwa siku.

Alhamisi utaona mikahawa mingi ikiandika supu ya njegere za manjano na chapati za maji tamu zenye jamu. Ni desturi ya miaka mingi sana, na katika baridi ya mwezi wa kumi supu hiyo inashikilia mwili hasa, ila kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyeila aulize kwanza.

Siku ukipata nafasi, nenda Hötorget, uwanja ulio katikati ya jiji mbele ya jumba la buluu la muziki, ambako wachuuzi wa matunda, mboga na maua hupanga meza zao tangu asubuhi. Jioni ikikaribia wanaanza kunadi kwa sauti, na bei ya zabibu au parachichi huteremka kila baada ya dakika chache kwa sababu hawataki kurudi na mzigo. Mtu aliyelelewa katika masoko yetu atajisikia nyumbani hapo kuliko popote pengine Stockholm. Chini ya uwanja huo, ukishuka kwa ngazi za umeme, kuna Hötorgshallen, soko la ndani lenye wauzaji wa nyama, jibini, viungo na samaki, na humo kuna Kajsas Fisk, mahali panaposifika kwa supu nzito ya samaki inayotolewa na mkate. Soko hilo la chini hufungwa Jumapili, na juu yake, siku hiyo, wachuuzi wa matunda huwapisha wauza vitu vilivyokwisha kutumika. Östermalms Saluhall, soko la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1888, ni zuri zaidi kwa macho, lakini ningekushauri upite kulitazama tu, maana bei zake ni za matajiri wa mtaa ule.

Mlo mwingine ninaoupenda ni «strömming», samaki mdogo wa Bahari ya Baltiki wa jamii moja na dagaa. Karibu na Slussen, mahali mji mkongwe unapokutana na kisiwa cha Södermalm, kuna kibanda cha miaka mingi kinachomkaanga akiwa amepakwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, kisha kumlaza juu ya mkate mweusi pamoja na vitunguu, au juu ya viazi vilivyopondwa na jamu ya matunda madogo mekundu machachu. Mtu wa Tanga anayejua samaki wa kukaanga hataona ugeni isipokuwa katika hiyo jamu.

Maji ya bomba ni safi na mikahawa huyatoa bure, basi usinunue ya chupa. Bahashishi si lazima, kwa kuwa malipo ya huduma yamo ndani ya bei. Na ukialikwa «fika», yaani kuketi kwa kahawa na kitafunwa, usikatae, kwa maana katika mji ule ndiyo namna watu wanavyofahamiana kazini. Andazi lao lililosokotwa na kunyunyiziwa mdalasini lina iliki ndani ya unga wake, na harufu yake likitoka jikoni ni ndugu wa damu na ya mahamri.

*Je, nibebe dola taslimu au nibadilishe fedha uwanja wa ndege? — Msomaji, Bujumbura*

Beba kadi ya benki, na ikiwezekana mbili. Maduka na mikahawa mingi ya Stockholm haipokei fedha taslimu kabisa, na mlangoni huandikwa «kontantfritt». Basi la mjini pia halipokei noti. Utaona wenyeji wakilipana kwa simu kwa mtindo unaoitwa Swish, unaofanana na kutuma pesa kwetu, lakini unahitaji akaunti ya benki ya Uswidi, kwa hiyo mgeni wa wiki moja asiutegemee, hasa katika magulio ya mitumba. Jambo jingine: ikiwa jamaa aliyewahi kuishi huko amekupa krona alizohifadhi, zitazame vizuri. Noti zilibadilishwa kati ya 2015 na 2017, na zile za zamani, kama ile ya krona 100 yenye sura ya mwanasayansi Carl von Linné, hazipokelewi dukani.

*Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tunatarajia kukaa Stockholm siku nane. Tunataka kula halali bila wasiwasi na kuwa karibu na msikiti. Tukae mtaa gani, na tutajuaje chakula kilivyo? — Msomaji, Mombasa*

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Tafuteni chumba Södermalm, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi kiitwacho Medborgarplatsen. Msikiti mkuu wa Stockholm uko hatua chache kutoka kituo hicho, ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme, lililosanifiwa na Ferdinand Boberg mwanzoni mwa karne ya 20, nao ulifunguliwa kwa ajili ya ibada mwaka 2000. Kuta zake za matofali na madirisha yake marefu vinaufanya upendeze kwa namna yake yenyewe. Katika mitaa inayouzunguka hamtakosa mikahawa ya Waturuki, Walebanoni na Wasiria, na falafeli ya pale ni nafuu na inashibisha.

Kuhusu nyama, yafaa mjue sheria ya nchi. Tangu mwaka 1937 Uswidi imekataza kuchinja mnyama ambaye hajazimishwa fahamu kwanza. Kwa hiyo nyama yoyote ya halali iliyochinjwa nchini humo hutoka kwa mnyama aliyezimishwa kisha akachinjwa kwa kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu, na nyingine huagizwa kutoka nje. Baadhi ya Waislamu wa mjini hukubali ya kwanza na baadhi huitafuta ya pili. Wauzaji huulizwa swali hilo kila siku na hulijibu bila kukasirika, basi ulizeni.

Mnapoingia mkahawa wa Kiswidi, yashikeni maneno machache: «fläsk» ni nyama ya nguruwe, «skinka» ni paja lake lililotiwa chumvi, na «korv» ni soseji, ambazo nyingi zina nguruwe. Vile vinofu vya nyama vya mviringo vinavyosifika duniani kote, «köttbullar», mara nyingi husagwa kwa kuchanganya ng'ombe na nguruwe, hivyo msidanganywe na rangi. Hata peremende laini zinazouzwa kwa kupima dukani, ambazo watoto wa Uswidi hununuliwa Jumamosi, huwa na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na ni vyema kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kila sanduku. Samaki ndiye atakayewapa raha zaidi: samoni, chewa wa kaskazini na huyo «strömming» niliyemtaja vipo kila mahali.

Jioni moja, pandeni treni ya mstari wa buluu hadi Rinkeby, kitongoji cha kaskazini-magharibi chenye jamii kubwa ya Wasomali. Mtakuta wali wa binzari na nyama ya mbuzi unaoletwa pamoja na ndizi mbivu pembeni, chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na wazee waliokaa kwa mazungumzo marefu. Mara ya kwanza nilipoingia katika mkahawa mmoja wa pale nilikuwa na miezi mitatu tangu nifike Uswidi, na mama aliyekuwa akipakua, aliposikia ninaongea Kiswahili kwenye simu, alinijibu kwa Kiswahili cha Eastleigh na kuniongezea kipande cha nyama. Machozi yalinilengalenga mbele ya sahani, na tangu siku hiyo nimewapeleka wageni wangu wengi huko.

*Mimi ni kijana, nakwenda Stockholm usiku sita mwezi wa saba. Hoteli nilizoona mtandaoni zinanishinda. Je, kuna gesti za bei nafuu ambazo ni salama? — Msomaji, Dodoma*

Zipo, na kwa Kiswidi huitwa «vandrarhem». Ni nyumba za wasafiri zenye vyumba vya vitanda vya deka, jiko la kutumia kwa pamoja na mabafu ya pamoja, na nyingi ziko chini ya chama cha utalii cha STF, kilichoanzishwa mwaka 1885. Mbili kati ya hizo zina historia ya kutosha kumfanya mtu azichague hata akiwa na fedha zaidi. Ya kwanza ni meli ya matanga iitwayo af Chapman, iliyoundwa mwaka 1888 na kugeuzwa nyumba ya wasafiri mwaka 1949. Imefungwa gatini kwenye kisiwa kidogo cha Skeppsholmen, na ukiamka unauona mji mkongwe ng'ambo ya maji. Ya pili ni Långholmen, gereza la zamani lililofungwa mwaka 1975, ambalo vyumba vyake vya wafungwa sasa ni vyumba vya wageni, kila kimoja chenye upana wa kitanda na hatua mbili tatu, katika kisiwa chenye miti mingi na ufuko mdogo wa kuogelea.

Soma masharti kabla ya kulipa. Katika nyumba nyingi za aina hii shuka na taulo hukodishwa kwa malipo ya ziada, kifungua kinywa hakimo ndani ya bei, na mgeni anatakiwa asafishe chumba chake siku ya kuondoka au alipie usafi. Beba shuka zako mbili na foronya, na utaokoa fedha ya mlo mzima. Ukiona chumba cha hoteli cha bei ya kushangaza katikati ya jiji, tazama kama kimeandikwa «utan fönster», kwa maana kuna hoteli zinazokodisha vyumba visivyo na dirisha. Kwa usiku mmoja chumba hicho kinavumilika, lakini kwa usiku sita mtu anachoka.

Mwezi wa saba una faida yake kwako. Hoteli za Stockholm huishi kwa wasafiri wa kikazi, kwa hiyo bei hupanda Jumanne na Jumatano wakati wa mikutano, na hushuka mwisho wa wiki na katika likizo ya kiangazi. Linganisha bei ya gesti na ya hoteli ya kawaida kwa tarehe zako, ukikumbuka kwamba hoteli nyingi hutoa kifungua kinywa kikubwa ndani ya bei. Hasara ya mwezi huo ni kwamba mikahawa midogo mingi hufunga kwa wiki kadhaa kwa sababu wenyewe wako likizoni.

Usafiri kutoka Arlanda, uwanja wa ndege ulio kama kilomita 40 kaskazini mwa jiji, unaweza kula bajeti yako siku ya kwanza. Treni ya moja kwa moja ya Arlanda Express hufika kwa takribani dakika 20, lakini ni ghali. Wewe panda basi namba 583 hadi kituo cha Märsta, kisha treni ya kawaida ya «pendeltåg» mpaka katikati ya mji. Tiketi moja ya usafiri wa mkoa, inayodumu dakika 75, inatosha ukiunganisha bila kuchelewa, nayo haikudai ile ada ya ziada inayotozwa anayepanda treni ya namna hiyo ndani ya uwanja. Tiketi hizohizo ndizo zinazokupandisha kivuko namba 82 kutoka Slussen hadi kisiwa cha Djurgården, kwa hiyo usilipe mashua ya watalii ili tu upate kuona jiji kutoka majini.

*Ninaishi Muscat na nitapita Stockholm kwa siku tatu. Nataka zawadi nzuri na koti la baridi. Niende duka gani, na ile kodi inayorudishwa kwa wageni ikoje? — Msomaji, Oman*

Dada msomaji, koti nitaanza nalo. Watu wengi hukimbilia Drottninggatan, mtaa mrefu wa waenda kwa miguu, au NK, duka kubwa la Hamngatan lililofunguliwa mwaka 1915, ambalo linafaa kutazamwa kwa ukumbi wake wa ndani hata kama hununui. Mimi nakutuma kwenye mitumba. Myrorna, mali ya Jeshi la Wokovu, na Stadsmissionen, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1853, wana maduka kadhaa mjini, hasa Södermalm, na koti la sufu ambalo mtu wa Stockholm amelivaa misimu miwili linapatikana humo kwa sehemu ndogo ya bei ya jipya. Kagua kwanza bitana chini ya kwapa na kwenye mifuko, kisha zipu, maana sufu nzuri huishi miaka mingi na bitana ndiyo inayotangulia kuchoka.

Kwa zawadi, farasi wa mbao aliyepakwa rangi, «dalahäst», ni alama ya kweli ya nchi. Wanaotengenezwa kijijini Nusnäs, katika jimbo la Dalarna, huchongwa na kupakwa rangi kwa mkono, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha asili yake. Katika Västerlånggatan, mtaa mwembamba wa mji mkongwe uliojaa watalii, utaona wa bei chee, lakini wengi wao hawajatoka huko. Vyombo vya mezani na vitambaa vya Kiswidi utavipata Åhléns karibu na kituo kikuu.

Mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kwa ununuzi unaofika krona 200 katika duka linaloshiriki. Kodi hiyo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 25 juu ya bei ya awali, yaani moja ya tano ya fedha unayolipa kaunta, na kampuni inayoshughulikia marejesho hukata ada yake, kwa hiyo unachopata ni pungufu ya hapo. Omba fomu dukani ukiwa na pasipoti, usitumie bidhaa hizo, na uwanjani zionyeshe pamoja na risiti kabla ya kukabidhi sanduku la mzigo. Wengi hukosa fedha yao kwa sababu koti limekwisha kuingia tumboni mwa ndege.

*Mwanangu anasoma Stockholm, na nakwenda kumtembelea. Ameniomba unga wa ugali, dagaa, maembe, na nyama kavu ya bibi yake. Nifungashe vyote? — Mama, Morogoro*

Mama, dagaa wakavu na unga fungasha, ila nyama kavu iache nyumbani hata kama moyo unauma. Umoja wa Ulaya umekataza wasafiri kutoka nchi zetu kuingiza nyama na maziwa, pamoja na vitu vilivyotengenezwa kwavyo, na ikikamatwa inateketezwa. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi ya nyumbani, na asali hadi kilo 2. Maembe nayo hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Matunda yanayoruhusiwa bila cheti ni mananasi, ndizi, nazi, tende na duriani tu, kwa hiyo kama unataka kumpelekea ladha ya shamba lako, mpelekee nanasi.

Vilivyobaki mtavinunua pamoja. Chukueni treni ya mstari mwekundu hadi Skärholmen, kusini-magharibi mwa jiji, ambako mbele ya kituo kuna soko la wazi la mboga na matunda, na katika maduka ya vyakula vya kigeni ya vitongoji vya namna hiyo huuzwa unga mweupe wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika, bamia na maharage. Tazameni neno «jämförpris» kwenye kibandiko cha rafu, kwani ndiyo bei ya kilo moja, na mara nyingi mfuko mdogo wenye bei ya kuvutia ndio ghali zaidi. Mahitaji ya kila siku, kama mchele, mayai na mafuta, kwa kawaida ni nafuu Willys au Lidl kuliko kwenye duka dogo la mtaani, na vyakula vinavyokaribia tarehe yake ya mwisho hubandikwa karatasi ya punguzo. Chupa tupu msizitupe. Kuna mashine mlangoni mwa supamaketi inayozipokea na kurudisha amana uliyolipia.

Kama unakwenda mwezi wa sita, uliza Ijumaa ya mkesha wa sikukuu yao ya kiangazi inaangukia tarehe gani, kwa kuwa huwa kati ya tarehe 19 na 25, na siku hiyo jiji huhamia mashambani na milango mingi hufungwa tangu mchana. Nunueni unga, mboga na samaki Alhamisi.